Msasa na Buti za Mfadhili

Nilifanya kazi na Msasa miaka kumi na mmoja katika idara ya usafi ya manispaa, mimi nikishika ufagio, yeye akishika ndoo na kitambaa. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa jirani. Jina la Msasa tulimpa sisi kazini. Wengine walidhani ni kwa sababu ya mikono yake, maana sabuni kali ilikuwa imeifanya ikwaruze ukimpa mkono. La hasha. Ni kwa sababu ya ulimi. Ukimchokoza asubuhi, jioni ulirudi kwako umebanduka rangi.

Kazi yake ilikuwa kusugua sanamu. Katikati ya uwanja, mbele ya jumba la manispaa, palikuwa na mtu wa shaba, kimo cha watu wawili, amesimama juu ya jukwaa la mawe. Alivaa kofia pana na buti ndefu. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ameunyoosha mbele kama mtu anayegawa kitu. Chini yake iliandikwa "Mfadhili wa Mji". Ni kweli alijenga shule ya kwanza, na kisima, na zahanati. Alivijenga kwa mali aliyoipata kwa kuuza watu. Jengo ambalo leo ni ofisi ya ardhi lilikuwa ghala lake, na ukishuka chini, kwenye chumba cha mafaili ya zamani, utakuta pete za chuma walizofungiwa bado zimo ukutani. Makarani walikuwa wakitundikia miavuli yao hapo.

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi Msasa alipanda ngazi, akamwosha, akamkausha, akampaka nta, kisha akamsugua kwa fulana kuukuu mpaka ukaweza kujitazama kwenye buti zake. Juu ya kofia na mabegani alikuwa amefunga nyaya nyembamba zilizochongoka, zisizoonekana kutoka chini, ili njiwa wasitue. Hakuna aliyemwagiza, alizibuni mwenyewe, kwa sababu kazi akiishika huishika kwa mikono miwili. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, mwanamke wa miaka themanini na minne. Miguu ilikuwa imemgomea lakini akili ilikuwa wembe. Mama huyo hakuwahi kukatiza uwanja ule. Hata enzi za nguvu zake, akitoka sokoni na mzigo kichwani, alizunguka nyuma ya mahakama, njia mara mbili, ili asipite mbele ya yule mtu. Msasa alipofiwa na mumewe na kubaki na watoto wawili, kazi iliyopatikana ilikuwa ile. Mama hakumkataza. Alimwambia, "Njaa haina adabu, mwanangu. Nenda. Lakini siku ukimsugua yule, nawa kabla hujanishika." Naye akanawa, mpaka kwenye viwiko, miaka yote kumi na tisa.

Sababu aliijua. Mama yake alilelewa na bibi yake, na bibi huyo aliingizwa katika nyumba ya Mfadhili akiwa mtoto wa miaka kama saba, hajui alikotoka wala jina alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa buti. Alizing'arisha kwa mate na kiganja, na Mfadhili akizikagua kwa kitambaa cheupe. Akikuta vumbi kisiginoni, alimwambia mtoto aweke mkono sakafuni, kisha alivaa buti ile ile na kusimama juu ya vidole. Vidole viwili vya bibi yule vilipinda na havikunyooka tena. Mama yake Msasa alikuwa akisukwa nywele na mkono huo, na alisema hata uzeeni aliweza kuvisikia vile vidole viwili kichwani, vinavyopita tofauti na vingine.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini, mjadala wa sanamu ulianzia chuo cha ualimu. Wanafunzi walikwenda ofisi ya ardhi kutafuta ramani, wakaziona pete, wakauliza, wakaambiwa. Wakaandika barua kwa manispaa wakitaka sanamu ing'olewe. Basi mji ukawaka. Redioni, saluni, kwenye vijiwe vya kahawa, kila mtu akawa mwanahistoria. Huyu anasema jiwe halina kosa. Yule anasema mbona maji ya kisima chake mnayanywa. Mwingine anasema mambo ya kale yaachwe yalale. Nilimuuliza Msasa tukiwa tunabadilisha nguo za kazi, "Dada, wewe unasemaje?"

"Mimi sina la kusema," alijibu. "Nina la kusugua."

Manispaa ikaitisha kikao cha wazi ukumbini. Sisi wa usafi tulipangiwa kupanga viti na kupitisha maji. Mji mzima ulikuja. Baada ya wanafunzi kusema yao, akasimama Wakili. Huyu alikuwa kitukuu cha Mfadhili na mwenyekiti wa chama cha kuhifadhi mambo ya kale, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti nzuri inayokufanya umwamini kabla hujamwelewa. Alisema babu yao alikuwa mtu wa wakati wake. Alisema watu wale aliwavika, akawalisha, akawapa majina. Halafu macho yake yakamwangukia Msasa, aliyekuwa pembeni na sinia la glasi.

"Na mpaka leo anawalisha," alisema, akimnyooshea mkono. "Muulizeni mama huyu anayemsugua. Bila babu yangu, angekula nini?"

Ukumbi ukacheka. Sisemi wote, lakini walicheka wa kutosha. Wakili mwenyewe alicheka, akijipenda. Nilimtazama Msasa. Alilishusha sinia mezani taratibu kiasi kwamba hakuna glasi iliyogusa mwenzake, akatoka.

Jioni nilimsindikiza kwake kwa sababu niliogopa kumwacha peke yake. Alinawa, akaingia kwa mama yake, akamweleza neno kwa neno. Mama alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni.

"Amesema anatulisha?"

"Amesema."

"Na watu wakacheka?"

"Wakacheka, mama. Na yeye akacheka."

Mama aliuvuta uzi uliochomoza kwenye shuka. "Mimi nilimwahidi bibi kuwa sitasahau," alisema. "Sikumwahidi jambo lingine, kwa sababu sikuwa na uwezo. Wewe unao. Sitaki kufa kabla sijamwona mtu wa nyumba ile ameinama."

"Utamwona," Msasa alisema.

Jumatatu iliyofuata alipanda ngazi kama kawaida, lakini mfukoni alikuwa na koleo. Alikata nyaya zote, za kofia na za mabega, akazitia kwenye ndoo. Kisha akaibeba ngazi mpaka ofisini kwa Msimamizi wetu, akaiegemeza ukutani mbele ya meza yake.

"Ngazi ina ufa kipago cha nne," alisema. "Kanuni ya saba ya usalama kazini inasema mfanyakazi asipande kifaa kibovu."

Msimamizi alikuwa mtu mwema lakini mchovu. "Si umeipanda miaka mitatu na ufa wake?"

"Nilikuwa sijasoma kanuni."

Na kweli alikuwa ameomba ngazi mpya mara tatu kwa maandishi, na nakala alizitoa pale pale. Msimamizi akaandika maombi ya nne. Maombi ya ngazi katika ofisi yetu husafiri polepole kuliko mgonjwa wa miguu.

Ndipo alipoanza kuleta nafaka. Kaka yake alikuwa mwendesha mashine ya kusaga, na chini ya mashine hapakosi chenga. Kila asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, Msasa alipita uwanjani na mfuko mdogo, akatawanya chenga juu ya jukwaa la mawe, miguuni pa Mfadhili. Siku ya kwanza walikuja njiwa wanne. Wiki ya pili sikuweza kuwahesabu. Wakishiba chini walipanda juu kupumzika, na huko juu hapakuwa tena na kitu cha kuwachoma.

Nilimkuta siku moja akikung'uta mfuko. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nawalisha," alisema. "Si ndiyo sifa ya hapa, kulisha?"

Ikapita miezi miwili. Kofia ikawa nyeupe kwanza, kisha mabega, kisha mkono ule ulionyooshwa ukawa kama umechovywa kwenye chokaa. Kinyesi cha njiwa kina ukali, kinakula shaba. Pale mvua ilipokiyeyusha kiliacha michirizi ya kijani kutoka machoni mpaka kidevuni, ukadhani Mfadhili analia ukungu. Waliokuwa wakipiga picha za harusi pale wakahamia bustani ya maktaba. Watoto wa shule wakamwita Mfadhili wa Njiwa, na jina likashika mpaka kwa watu wazima. Hata waliokuwa wakimtetea redioni walianza kupita upande wa pili wa barabara, maana kutetea kitu kinachonuka ni kazi.

Msasa alipita pale kila siku na kumtazama bila kusema. Lakini nilimjua. Alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Wakili alikuja ofisini kwetu akiwa amefura. Miaka mia ya sanamu ile ilikuwa inatimia, chama chake kilikuwa kimealika wageni, na zilibaki siku kumi. Kwa ushawishi wake ngazi mpya ilifika siku hiyo hiyo, bado ina nailoni. Msimamizi akamwita Msasa.

"Ngazi hii hapa. Kipago cha nne ni kizima."

"Ni nzuri," Msasa alisema, akiipapasa. "Lakini simpandi."

"Ni amri."

"Basi niandikie barua ya kunifukuza, iseme nimefukuzwa kwa kukataa kumsugua aliyewauza wazee wangu. Nitaipeleka redioni mwenyewe."

Msimamizi hakuiandika. Akatugeukia sisi wengine tisa, mmoja mmoja. Huyu mgongo ulikuwa unamuuma tangu jana. Yule akipanda juu huona kizunguzungu. Mimi nilisema manyoya ya njiwa yananiletea mafua, nikapiga chafya hapo hapo kwa ushahidi. Wakili akatafuta mafundi rangi wa mjini. Mmoja alisema mkewe amemwapisha asiiguse sanamu ile, mwingine akaogopa kuvunjiwa vioo vya duka. Siku zikaenda. Zilipobaki mbili, siku ya Jumamosi, Wakili alikuja mwenyewe uwanjani saa sita mchana, mikono ya shati amekunja, na ndoo mbili na brashi. Mlinzi wa manispaa akambebea ngazi, akaisimamisha, akakumbuka ana shughuli kwingine.

Habari ilifika kwetu kabla maji hayajamwagika. Msasa alinituma nimsaidie kumwandaa mama. Tulimvika nguo yake ya kutokea, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mama yule akaingia uwanja ule. Watu walikuwa wameshajaa, wengine juu ya ngazi za jumba, na walipomwona wakapisha njia.

Wakili alikuwa juu, anakwangua kofia. Kazi hiyo ina ufundi wake. Ukikwangua kinyesi kikavu bila kukilowesha, vumbi lake linakurudia machoni na mdomoni. Yeye alikwangua kikavu. Shati lilikuwa limegeuka rangi. Alimwona Msasa.

"Mama, tafadhali," alisema kutoka juu. "Unatumia dawa gani?"

"Maji ya vuguvugu na subira," Msasa alijibu. "Kwapani bado."

Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chetu. Akaendelea. Msasa akakaa kwenye benchi la mawe, miguu mbele, akawa anamwelekeza kwa utulivu kama fundi mkuu: nyuma ya sikio, chini ya ukosi, kati ya vidole. Kila Wakili alipofikiri amemaliza sehemu alionyeshwa nyingine. Ilipofika saa nane viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Akitaka kushuka alikosea kipago, ngazi ikayumba, watu wakaguna. Msasa aliruka, akaishika kwa mikono yote miwili, akaituliza.

Wakili alishusha pumzi. "Ahsante."

"Usianguke leo," Msasa alimwambia, akimtazama usoni. "Bado buti."

Buti zilikuwa usawa wa jukwaa, na mtu hawezi kuzisugua amesimama. Wakili alipiga magoti juu ya mawe. Msasa akasukuma kiti cha mama yake mpaka karibu, karibu kiasi cha mama kuweza kumgusa mtu yule bega. Wakili aligeuka, akamwona mzee, na malezi mema hayakumtoka.

"Shikamoo, bibi."

Mama hakuitikia. Aliiacha salamu ile ining'inie pale, na kila mtu uwanjani aliisikia haijaitikiwa. Wakili akarudi kwenye buti, akasugua. Baada ya muda alisema, bila kuinua kichwa, "Bibi, mimi sikumfanyia mtu yeyote chochote. Nilizaliwa nikamkuta hapa."

"Najua," mama alisema. "Wewe hukufanya. Wewe ulicheka."

Akanyoosha kidole chake chembamba, akaelekeza nyuma ya buti ya kulia. "Kisigino bado."

Wakili akasugua kisigino. Mama akamtazama mpaka akaridhika, kisha akamgusa binti yake mkono, wakaondoka. Tulipofika nyumbani, Msasa alitaka kwenda kunawa. Mama akamshika kiganja kabla hajafika kwenye beseni, akakaa nacho.

Picha ya Wakili akiwa amepiga magoti, na mwanamke mzee amekaa kando yake, ilizunguka mji mzima kabla ya jua kuzama. Wageni wa sherehe mmoja mmoja wakapata udhuru. Siku yenyewe ilikuja, viti vikabaki vitupu, na njiwa walikuwa wamesharudi. Mwezi uliofuata madiwani wakapiga kura: kumi na mmoja wakataka iondolewe, tisa ibaki. Nitasema kweli, sidhani wote kumi na mmoja walifikiria pete za ghalani. Wengine walikuwa wamechoka kuona aibu kila wanapofungua madirisha.

Msasa hakunusurika. Msimamizi alikuta mfuko wa chenga kwenye kabati lake, akamwita, naye hakukana. "Niliwalisha mimi," alisema, "na nikiambiwa nirudie, nitaongeza." Akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa vyoo vya umma karibu na kituo cha mabasi. Alitia sahihi bila kuisoma.

Siku sanamu inashushwa alikuwa huko vyooni, hakupewa ruhusa. Mimi nilikuwepo. Jioni alikuwa ananisubiri mlangoni kwake.

"Walimwangusha?"

"Hapana, dada. Winchi ilimshusha taratibu."

"Kichwa chini?"

"Walimlaza. Kwenye magodoro." Nilitamani nisiendelee, lakini alikuwa ananikazia macho. "Wamempeleka stoo ya manispaa, wakamfunika mablanketi manne mapya, asikwaruzike."

Niliwahi kumwona Msasa ana hasira, lakini siku ile uso wake ulibadilika nikaogopa. "Mablanketi," alisema. "Mtoto wa miaka saba alilala kwenye sakafu ya nyumba yake, na yeye, shaba tupu, anafunikwa asipate baridi."

Manispaa iliitisha kikao kingine, cha kujadili iwekwe wapi. Safari hii Msasa alikwenda kama mwananchi, akapanga foleni, akasema. Alitaka ilazwe kifudifudi kwenye yadi ya magari ya taka, mahali pa wazi, na iandikwe sheria kwamba asiifute mtu. Wakili alikuwa kiti cha mbele, hakucheka. Mwenyekiti alisema maoni yamepokelewa. Yamepokelewa mpaka leo.

Wiki ile ile, mchana, alikuja stoo, ambayo mimi ndiye ninayeifagia. Hakuniomba ufunguo, alinyoosha mkono, nikampa. Alitoka na mablanketi yote manne begani, mazito, yenye pindo la buluu, akapita nayo getini mbele ya mlinzi akimsalimia. Aliyafua, akayaanika, na jioni akamtandikia mama yake lile zuri zaidi.

Mama alilishika, akalinusa, akalisukuma chini kwa mguu wake mbovu. "Liondoe. Kilichomgusa yule mimi sijifuniki."

Msasa hakubisha. Alikaa sakafuni na mkasi, akayakata yote vipande vipande.

Baada ya siku chache chama cha Wakili kiliandika barua ya kuulizia mablanketi. Msimamizi akaja mwenyewe vyooni, amebana pua, akamkuta Msasa anapiga deki upande wa wanaume.

"Kuna mablanketi yamepotea stoo," alisema. "Huyajui?"

"Nayajua," Msasa alisema. Akalizamisha tambara kwenye ndoo, akalikamua, pindo la buluu likiwa nje, akalitupa sakafuni tena. "Yako kazini."

Msimamizi aliliangalia lile pindo kwa muda. Kisha akavuka sakafu iliyolowa kwa ncha za viatu, akaenda kuandika kwamba hayajapatikana.